Makoa wa Kizota

Miezi minane sikumwona hata mmoja.
Leo mvua ya pili tu, na zinia zangu
zimebaki vijiti.

Mama Chilewa kanishauri chumvi.
Chumvi! Maji ya kisima chetu yenyewe
huacha weupe ndooni.
Nikiongeza, nitazika ua na mlaji wake.

Basi majivu. Mvua ikayala.
Basi wanzuki kisahanini:
asubuhi, kuku wa jirani wanapepesuka.

Usiku nainama na tochi ya simu,
kijiko cha chai mkononi,
nawahesabu koponi. Kumi na tisa.
Wa ishirini kajikunja ndani ya ua,
hana nyumba, hana mfupa, hana haraka.

Naye alikuwa chini ya jiwe
akiisubiri mvua hii hii.

Namwacha hadi alfajiri.
Zinia moja.
Asizidishe.