Muhuri Uliokosa Herufi

Meza yake ilikuwa ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
juu yake kipande cha mbao,
juu ya mbao kitambaa cha kijani
alichosema ndicho wanachotandika majaji.
Hatukumbishia. Nani kati yetu
aliwahi kuiona meza ya jaji kwa karibu?

Ng'ambo ya barabara, Mahakama ya Makadara.
Upande huu, mimi na kompyuta yangu,
shilingi thelathini kwa ukurasa,
na Wakili Masila na tai yake moja, nyekundu,
Jumatatu hadi Ijumaa.
Alizungumza kimahakama hata akiagiza chai:
"Bila kuathiri haki zangu nyingine, mama,
ongeza maziwa."

Msimcheke haraka.
Kijana wa mkokoteni aliyekamatwa na kanjo
alifundishwa sentensi tatu, akazisema,
akawa nje kabla ya saa sita.
Yaya wa Eastleigh aliyenyimwa mshahara wa miezi mitano
aliandikiwa barua moja yenye meno,
pesa zikaja ndani ya bahasha.
Wakili wa ghorofani, kule mjini,
hutaka elfu kumi na tano kabla hujavuta kiti.
Masila alitaka mia tano, na ukikosa
alikuandika kwenye daftari la madeni
akakuita mteja.
Mtu aliyezoea kuitwa "wewe"
hukaa wima akiitwa mteja.

Muhuri aliuchongesha River Road, dakika ishirini,
ukaja ungali unanuka mpira uliochomwa:
KAMISHNA WA VAPO.
Nililiona siku ile ile.
Mimi ndiye niliyepiga VIAPO, herufi tano,
kisha nikatazama wino ukikauka chini yake,
herufi nne.
Nikanyamaza. Mwanangu alikuwa na karo.
Miaka minne ile I haikuulizwa na mtu.

Kisha akaja Kerubo,
na ploti ya Njiru, hamsini kwa mia,
aliyoachiwa na mume, shemeji akaizungushia mabati.
Aliapa mbele ya kitambaa cha kijani,
kiganja juu ya Biblia isiyo na jalada,
sauti imemshika koo.
Kiapo chake kilikuwa cha kweli.
Aliyekipokea ndiye hakuwepo.

Siku ya kesi wakili wa shemeji alisimama,
leseni yake ya mwaka imelipiwa,
akaomba kusema jambo dogo tu, Mheshimiwa:
jina la huyu Masila haliko kwenye orodha.
Hakimu akapekua. Akautazama na muhuri;
wanasema alitaka kucheka, akajizuia.
Akazitupilia mbali karatasi kumi na nne
kana kwamba hazikuwahi kuletwa.
Kumi na nne. Nilizipiga zote.
Mia nne na ishirini.

Masila hakuonekana tena.
Muuza mahindi aliichukua ndoo,
sasa anaikalia.

Kerubo hakumtafuta.
Alikuja kwangu, saa saba, jua la utosi,
akasimama pale wateja husimama.
"Wewe ndiye uliyeandika."
"Niliandika alichosema."
Hakujibu. Nilitamani anitukane.
Baadaye, kama mtu anayeomba maji:
"Niandikie nyingine. Safari hii nitasimama mwenyewe."
"Mama, mimi si wakili."
"Na yeye hakuwa."
Akapanga sarafu mezani, moja moja,
za ukurasa mmoja.

Ng'ambo, askari alikuwa akifungua lango la mchana.
Sijui sheria inamwitaje mtu kama mimi.
Nilimwambia hivyo, na nikamwambia habari ya muhuri,
yote, tangu siku ya kwanza.
Alisikiliza huku akizitazama sarafu zake.
Hakuziondoa.

"Andika," akasema.

Nikaandika: *Mimi, Kerubo*,
kwa kidole kimoja, polepole,
nikihesabu herufi.