Puli Ndogo

Fundi Lushinge ameiweka juu ya gazeti lenye grisi:
puli iliyopungua ile ya kiwandani
kwa unene wa kidole changu cha mwisho.
"Supachaja itazunguka mbio zaidi," anasema,
"injini itashiba hewa. Benzi itaamka."

Bei yake: ada ya Kabula, muhula na nusu.

Iamke iende wapi?
Igoma hadi mjini ni matuta,
trafiki wawili, na ng'ombe wasioijua honi.

Labda kile kilima cha Bugando,
ambako jana pikipiki yenye gunia la mkaa
ilinipita, na abiria akageuka kunitazama.

"Utahitaji na rejeta kubwa,"
Lushinge anaongeza, sauti ikishuka.
"Hewa ikibanwa huchemka. Na petroli, basi, unajua."

Naiokota. Ya baridi, nyepesi kuliko nilivyodhani.
Naivisha kidole gumba, naizungusha
kama pete ya mtu nisiyemposa.

"Nibadilishie mkanda tu."

Bugando, gia ya pili. Pikipiki inanipita tena;
leo ina magodoro.
Nampungia dereva mkono.
Kidole gumba bado kina grisi.