Kitambaa Cheupe cha Mama Nsimire

Hakuja kugombana.
Alikuja na gauni la komunyo mkononi,
la mtoto wa watu, la Jumapili,
akalitandaza juu ya fuawe yangu
taratibu, kama anayelaza maiti.
Begani, kwenye pindo, kwenye mshono wa kifua:
madoa meusi, manono kama kunguni.
"Fundi, haya ni yako," akasema. "Fua."
Akaenda.

Miaka kumi na moja nafua vyuma hapa Ndosho,
ekseli za chukudu, bawaba, majembe,
springi ya gari ikitoka kwangu ni panga.
Siku ile nilifua nguo, kwa kipande cha sabuni,
na doa halikutoka.
Neno moja, kazi mbili,
na ile nyepesi ndiyo iliyonishinda.

Zamani nilidhani moshi ni jasho la moto,
alama kwamba kazi inakwenda.
Kumbe ni makala ambayo moto haukuyamaliza,
pesa yangu inapaa bila kuaga.

Gunia linashuka kutoka Masisi na mvua yake,
na katikati muuzaji amevificha
vijiti vilivyoiva upande mmoja.
Sasa namwaga chini, nachambua kama mchele:
linalolia kama kioo, ndani;
linalosema *pu*, likae juani.
Katembo, ninayemfundisha, alizoea kuwashia kandambili kuukuu.
Nilimnyang'anya. Kesho yake akaja na magunzi makavu,
na uso wa kununa.

Kisha bomba.
Makopo ya mafuta ya msaada, nikayapasua,
nikayanyoosha, nikayaunga kwa ribiti,
futi kumi na mbili, bado yameandikwa si ya kuuzwa.
Chini nikajenga kwa mawe ya volkano.
Jiwe la kwanza lilikuwa na maji tumboni:
paa! likalikosa sikio la Katembo kwa unywele.
Mengine nikayaanika wiki mbili.

Kofia ya bomba niliikata pana, kama mwavuli wa sokoni.
Moshi ukaingia, ukazunguka, ukatoka,
ukanitazama usoni.
Nikaongeza upana. Ukazidi kunitazama.
Nikakaa chini, nikamkumbuka nyanya yangu wa Lubero
na kiko chake: tundu dogo, mashavu yanabonyea,
hakuna kinachopotea.
Nikauziba mdomo wa kofia,
nikaacha upana wa viganja viwili, ubavuni mwa moto,
nikachoma gunzi ndani ya bomba, lipate joto kwanza,
nikazungusha gurudumu la baiskeli linalovuta feni.
*Wuuu*, likasema bomba.
Moshi ukainama, ukapita upesi
kama mtu mbele ya duka analodaiwa.

Mama Nsimire hakunipongeza.
Alipigilia kitambaa cheupe ukutani,
kati ya cherehani yake na moto wangu,
na kila jioni akakisoma mbele yangu, kimya.
Wiki ya kwanza, kijivu.
Ya pili, rangi ya maziwa ya juzi.
Haujaisha, sitadanganya: asubuhi tukiwasha,
pumzi kama kumi,
kisha juu ya bomba hewa inatetemeka tu.

Jana akaniita. Doa moja, jeusi.
Nikaanza kujitetea.
Akalisugua kwa kidole, likamkwaruza kama mchanga.
"Hili si lako," akasema,
tukageuza shingo kaskazini, sote wawili,
kule mlima unakofuka tangu babu zetu
na hakuna wa kuupelekea gauni.