Soli

Vilipotea msikitini, Mawaleh, sala ya alfajiri,
viatu vyangu vya kukimbilia, vya riyali arobaini na tano,
soli nene kama mkate wa boflo.
Alininunulia mwanangu Muadh, goti langu la kulia
lilipoanza kulia kama bawaba kila ngazi ya tatu.
Nikatafuta rafu ya juu, rafu ya chini,
nikasogeza ndara za watu kwa kidole, kwa adabu.
Havipo.

Kwangu ni mitaa minne kutoka hapo.
Nikakunja kanzu, nikashuka.

Sikumbuki mara ya mwisho lami kunigusa.
Ilikuwa Januari, baridi, na kila kokoto lina neno lake.
Nikaenda kama apitaye chumba alicholala mtoto:
kisigino kikajizuia chenyewe,
vidole vikatangulia kupiga hodi,
ndipo mguu mzima ukakaribia.
Langoni nikasimama, nikasikiliza.
Goti halikusema kitu.

"Umeibiwa, na unacheka," akasema Ghaniya.
"Kaoshe miguu. Zulia jipya hilo."

Nikaagiza vile vyembamba,
vyenye mdomo mpana kama wa bata, soli ganda la chungwa.
Ghaniya akavikunja mara mbili
akavitia kwenye mfuko wa kanzu yangu, vikaenea.
"Hivi ni viatu, au ni maganda tu,
viatu wenyewe wametoka?"

Hapa niseme kweli: nilijifanya kijana.
Siku ya nne nikakimbia hadi kwenye mzunguko wa magari na kurudi.
Usiku shavu la mguu likajifunga fundo
hata nikamwita mama,
na mama yuko kaburini miaka ishirini.
Bi Sheeja, tabibu wa viungo, mtu wa Kerala,
akalibonyeza kwa dole gumba bila huruma.
"Miaka hamsini umeulaza mguu kitandani,
leo unaudai kazi ya shamba?
Dakika moja. Wiki ijayo, mbili."

Mwenda pole hajikwai, methali naijua tangu chuoni;
nilikuwa sijapata kuijua kwa kano ya kisigino.

Dakika moja, basi.
Mtu mzima, mvi mpaka kwenye nyusi,
anakimbia kutoka nguzo ya taa hadi nguzo ya taa,
anageuka, anarudi kunywa chai.
Paka wa jalalani hata hawakuamka.

Aprili, dakika kumi na moja.
Vidole vilivyozoea kulaliana vikaachana,
kile cha mwisho, kidogo, kikagundua kwamba nacho kina kazi.
Mtaa wangu sasa naujua kwa chini:
kifuniko cha shimo mbele ya dobi,
chenye uvuguvugu hata usiku wa baridi;
vigae vya bustani, pale manispaa humwagilia maji
na unyevu hungoja mpaka nipite;
mchanga ulioletwa na upepo, laini kama unga wa dengu;
na kokwa ya tende.
Kokwa ya tende usiiombe.

Juni ikaja na jua lake.
Saa moja asubuhi lami tayari ni chuma cha chapati,
kwa hiyo nakimbia mara tu baada ya alfajiri, au sikimbii.

Jana Harith wa duka la matairi
akanisimamisha mlangoni pa msikiti, mfuko wa plastiki mkononi.
"Niwie radhi. Mjukuu wangu alivibeba gizani, akadhani ni vyangu.
Vimekaa nyuma ya gari miezi mitano."
Havikuwa na hata vumbi.
Nikavijaribu palepale, kwa heshima yake.
Nikarefuka vidole viwili,
nikawa sijui nimesimama juu ya nini.

"Vipi?" akauliza.
Nikavivua, nikamrudishia mfuko wake, nikamwambia ampe mjukuu akikua,
mimi vinanibana.

Mungu anisamehe. Havibani popote,
wala havinigusi.
Ndiyo kasoro yake.