Kichwa cha Yasen

Saa mbili kasorobo. Ninawasha jiko la kuni
kabla sijafungua rejista,
maana majina hayaitikiwi vizuri kwenye baridi.
Watoto tisa. Mwaka jana kumi na mmoja.
Mwaka niliopanda milima hii ya Rodopi
nikiwa na viatu vya mjini, walikuwa thelathini na wanne,
na kengele ilikuwa na mtu wake, analipwa mshahara.
Siku hizi ninaipiga mwenyewe,
halafu ninakimbilia ndani
ili wanikute nimesimama kama mwalimu aliyekuwa akiwasubiri.

Emine huhesabu kwa majani ya tumbaku.
Nikimuuliza saba mara sita
macho yanapanda darini, vidole vinaanza kutunga
jani baada ya jani kwenye sindano ndefu isiyoonekana,
na jibu linafika limechelewa, limenyooka,
lina harufu ya ghala la bibi yake.
Mkaguzi aliandika: *Mtoto akariri jedwali.*
Habari za sindano sikumwambia.

Rumen ana jino linalolegea.
Tangu Jumatatu darasa zima lina jino moja linalolegea.
Jiografia imesubiri, na Danube haijakauka.

Ualimu ni wito, husema watu wanaolipwa kuliko mimi.
Labda. Mimi naujua zaidi kwa soksi:
jozi tisa juu ya waya nyuma ya jiko,
na kila adhuhuri kesi ya soksi ya nani ni ipi,
nami hakimu, mikono myeupe kwa chaki.

Yasen aliletwa Oktoba na babu yake.
Amezaliwa Ujerumani, amekulia huko;
mama bado anatandika vitanda vya hoteli,
baba yuko barabarani na lori, leo nchi hii, kesho ile.
Siku ya kwanza nikamuuliza: Umekula?
Akainamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha.
Huku kwetu hiyo ni hapana.
Nikamkatia nusu ya mkate wangu na jibini.
Nikamuuliza: Umeelewa hesabu?
Akapeleka kichwa kushoto, akakipeleka kulia.
Huku kwetu hiyo ni ndiyo.
Nikafuta ubao, nikasonga mbele.

Siku tatu nzima
nilimlisha mtoto aliyeshiba
na kumwacha njiani mtoto aliyepotea,
naye, kwa adabu, alikula.

Emine ndiye aliyenivuta mkono wa sweta:
"Bi Nedelcheva, kichwa chake kinasema Kijerumani."

Usiku ule madaftari yalinikalia mezani hayajasahihishwa.
Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni,
mwanamke wa miaka hamsini na saba,
najaribu kukubali kwa kuinamisha kichwa.
Shingo ilikataa. Nikacheka peke yangu,
kisha nikaacha kucheka:
miaka thelathini nimeuliza "Mmeelewa?"
nikatazama vichwa, nikaamini.
Wangapi walikuwa wakila tu, kwa adabu?

Sasa ni Machi. Kila mkono una uzi wake,
mwekundu na mweupe, wa kukaribisha majira ya kuchipua,
hata mguu wa kiti changu umefungwa,
na aliyefanya hivyo hajitaji.
Rumen amelimeza jino pamoja na tufaha.
Tumefanya maombolezo mafupi, kisha Danube.

Yasen amemwandikia mama yake barua ya mistari minne,
mitatu inahusu mbwa wa babu.
Nilipokuwa nikibandika stempu nikamuuliza,
kana kwamba ni jambo dogo:
Watakuja kukuchukua kiangazi?

Akatikisa kichwa.

Nilikiona vizuri, kilikokwenda na kilikorudi.
Sikumuuliza kilikuwa kinasema lugha gani.
Jiko lilikuwa linazima.
Nikamtuma akalete kuni mbili, akaleta tano.