Skrubu ya Hadubini

Mara ya kwanza nilikwenda na koti la wifi,
mabega yamenizidi, mikono imenimeza,
na makaratasi ya kung'aa, picha za watoto wasio wetu
wakizichekea chupa za kemia.
Bi Nyevu, mwalimu mkuu, hakunikatalia.
Alisema, "Acha hapo, tutasoma."
Yakakaa juu ya kabati,
yakasomwa na vumbi la Kijiwetanga.

Zabuni ilikwenda kwa kampuni ya Mombasa.
Walinishinda kwa elfu sita na mia tatu.
Usiku kucha, chumbani kwangu Maweni, nilipiga hesabu:
nikatoa faida, nikatoa nauli,
nikatoa hata chakula changu cha mchana.
Bado walinipita.

Miezi mitatu baadaye napeleka madaftari Ganda,
bodaboda ikapata pancha mbele ya lango lile lile.
Bawabu anaitwa Tsuma. Leo najua.
Siku ya koti nilimwita "bosi"
nikampita kama mlingoti wa stima.
Akanisogezea kigoda. "Si wewe uliyeleta makaratasi?"
"Ndimi."
"Basi zile mashine za wenzio hazioni.
Watoto wanachungulia, wanakuta usiku."

Sikuwa na koti. Nilikuwa na bisibisi.
Hadubini sita, na tano kati yake
zilikuwa na maradhi mamoja: skrubu iliyolegea,
ndogo kama mbegu ya mchicha.
Ya sita nikaenda nayo nyumbani kwenye kikapu cha mboga.
Bi Nyevu akauliza, "Kiasi gani?"
Ulimi ulikwisha kujipinda kusema elfu mbili.
Nikasema, "Maji ya kunywa."

Usinisifu. Nilijua nifanyalo.
Atupaye mtama hachezi, anawaangalia kuku.
Lakini maji yale yalikuwa ya kisima, yana chumvi,
nami niliyanywa mpaka chini, na kiu ilikuwa ya kweli.

Mwaka mzima sikuwauzia hata chaki.
Nilijua mwana wa mwalimu wa sayansi ana pumu.
Nilijua mhazini wa bodi hapigiwi simu alasiri.
Nilijua Jumwa, mpishi, hupima maharagwe
kwa kikombe kilichokatika mkono.
Alipofiwa na mamake nikaenda matangani Kakoneni,
siku mbili mkekani, simu nimeizima,
na shule moja ya Watamu ikanitafuta, ikanikosa.

Kisha Bi Nyevu akahamishwa,
wiki moja kabla ya kutia sahihi.
Akaja Bwana Kitsao, mgeni, na mtu wake mkononi:
wale wale wa Mombasa, bei wameshusha tena.
Mimi kikaoni sikuwamo. Nasimulia nilivyosimuliwa.
Jumwa aliingia na birika, akamimina, akalitua,
akasema, bila kuulizwa na mtu:
"Zikiharibika tunampigia nani?"
Bwana Kitsao akapekua faili. Akapekua tena.
"Ya Umazi ninayo," akasema Jumwa,
akaitaja kwa kichwa, tarakimu zote kumi,
taratibu, kama mtu anayehesabu wanawe.

Muhuri ulipigwa Jumatano. Miaka mitatu,
na shule nne jirani zikafuata.
Watu waniuliza siri ni gani. Nawaambia, "Bisibisi,"
wanacheka, wanadhani nawaficha.

Usiku najiuliza lingine:
muhuri usingepigwa, ningekuwa nalijua
jina la mke wa Tsuma?
Nageuka ubavu wa pili, nalala na swali langu.

Jana Jumwa alinipigia.
Nikadaka, "Imevunjika ipi?"
"Hakuna kilichovunjika," akasema.
"Ila tangu mupige muhuri wenu
hujaja kula."

Nikavaa viatu. Kwa mazoea
nikatia bisibisi mfukoni.
Nikafika mlangoni,
nikairudisha mezani.