Neno la Mezani

Baba alikanda unga wa Misheni, Tosamaganga,
miaka ishirini na saba.
Bruda Ottavio, hamira hadi kwenye viwiko,
alimfundisha maneno ya kwao:
compagno, yule mnayegawana naye mkate.
Na convivio. "Kwetu, Galinoma, karamu
ukiipasua ndani utakuta kuishi pamoja.
Wahispania hivyo hivyo, Wareno hivyo hivyo,
neno moja limetawanyika
kama ndugu waliogombea shamba."
"Ee, Bruda," baba akaitikia,
akabeba bakuli la supu, akaingia nalo,
akalitua, akatoka.
Akala jikoni, amesimama,
mgongo kwenye joto la jiko la kuni.

Nilikuwa mlangoni na ndoo ya makombo ya nguruwe.
Nilihesabu viti: kumi na kimoja.
Meza tuliletewa na Wareno, nilisoma baadaye;
kumeza ni kwetu tangu zamani.

Nyumbani hatukuwa na meza.
Tulikuwa na sinia, tundu lake limezibwa kwa risasi,
ugali, majani ya maboga,
na masika ulanzi ndani ya mbeta
ukizunguka mdomo hadi mdomo.
Mke wa Kihwele, aliyemshitaki baba
kwa hatua nne za mpaka,
alipita saa ya kula, akanawa, akala,
akasifu chumvi.
Kesi ikaendelea Jumatatu.

Kisha viti vikapungua.
Wengine walirudi Torino,
wengine waliishia chini ya mikaratusi, nyuma ya kanisa.
Akabaki Bruda na ile meza ndefu,
chumvi iko mbali, na wa kumwomba hayupo.

Jioni moja ya Machi akapiga hodi kwetu
na mkate ndani ya koti, umelowa upande.
Tulimpa kigoda. Magoti yakamfika kidevuni.
Akalitazama sinia, akatutazama.
"Hivi," akauliza, "kukaa hivi, ninyi mnakuitaje?"

Mama akafikiri.
Mimi nafikiri mpaka leo:
kuna kula bia, kuna kikoa, kuna shirika,
nayaandika kwenye kadi, nazipanga, nazipangua.
Baba alikuwa ameshika birika,
maji yameanza kudondoka.
Sikuwahi kumsikia akimwamuru mtu yule.
"Nawa, Bruda. Ugali unapoa."